Tarishi Asiye na Pua

Hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza. Nalisema hili bila ya kiburi, ingawa wapo wanaosema mimi nina kiburi, na hao nawajua mmoja mmoja. Skuli niliiachia darasa la sita. Nimeuza chaja za simu juu ya gunia pale Darajani, jua la utosi, mpaka gunia likazaa meza, meza ikazaa kibanda, na kibanda kikazaa mlango wangu mwenyewe ndani ya Mji Mkongwe, chini ya nyumba ambayo mama yangu aliachiwa na wazee wake. Nimejenga na Mbweni, nyumba ya vigae sakafuni na mabomba ya maji moto. Sikufundishwa na mtu. Aliyepita njia hiyo hashangai tena. Anachoka tu.

Na mimi nimechoka, hilo nalikubali. Lakini ngoja nieleze.

Kazi yangu ni chumba cha gemu. Msidhani ni mchezo wa watoto. Wateja wangu ni watu wazima wenye ndevu: madereva wa teksi, wachukuzi wa bandarini, makarani wanaotoka ofisini mchana na hawataki kwenda nyumbani moja kwa moja. Wanakaa kwenye viti vyangu vya plastiki, wanashika padi, wanalipa kwa nusu saa, wanafungana magoli na kutaniana mpaka adhana.

Imani yangu katika biashara hii ilikuwa moja: picha. Mtu hatoki kwake kuja kutazama kitu kibaya. Mimi ndiye wa kwanza mtaani petu kuleta televisheni kubwa kama mlango, na kila mashine mpya ikitoka mimi hulala sina raha mpaka niipate. Nyasi za uwanjani unaziona zinalala mchezaji akizikanyaga. Jasho unaliona linaanzia kwenye nywele, linapita shavuni, linadondoka. Nilikuwa nasimama mlangoni nawaita waliokaa barazani, "Njooni muone jasho! Jasho la kweli, bure kulitazama!" Na walikuja.

Sasa, juu ya chumba hiki anaishi mama. Mbweni hataki. Amenambia vigae vinateleza na majirani hawaamkiani. Macho yake yameingia ukungu, mtoto wa jicho, na hospitali hataki vilevile. Mlango wake mkubwa uko ubavuni mwa mlango wangu, na mbele yake kuna chungu cha mrehani ambacho hakuna ruhusa kukigusa. Niliwahi kutaka kukisogeza nipate pa kuweka kibao changu cha taa za rangi. Aliniambia, "Chungu hicho kikitoka hapo, na wewe unatoka." Nikaweka kibao juu.

Mwaka juzi mdogo wangu wa kike alirudi kutoka Paje. Alikaa huko miaka kumi na moja, mapokezi ya hoteli, Kiingereza anakisema kama anakunywa maji. Alipokwenda alikwenda kwa kazi tu, halafu akaolewa hukohuko bila ya kungoja mama akubali. Mama alimpelekea neno moja: mlango huu usiugonge. Na mdogo wangu kweli hakuugonga. Ndoa ilipovunjika alikuja na begi moja, akapita chumbani kwangu katikati ya wateja, akapanda ngazi za ndani.

Mama hakumfukuza. Alimpa chumba, alimpa chakula. Ila hakumpa maneno.

"Mwambie huyo sukari imo kwenye kopo la buluu," mama ananiambia mimi.

Huyo yuko hatua mbili kutoka kwake, na kopo liko mbele ya pua yake.

"Mama anasema sukari imo kwenye kopo la buluu."

"Mwambie ahsante, nshaiona."

"Mama, anasema ahsante, keshaiona."

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Mwanamume mzima, mwenye nyumba Mbweni, nimegeuka waya wa simu baina ya wanawake wawili waliokaa mkeka mmoja. Nikitoka kwenda dukani, wanakaa kimya mpaka nirudi niwaunganishe. Nani asingechoka?

Kwa kukimbia kimya hicho mdogo wangu alikuwa akishuka chini kuniuzia juisi ya ukwaju. Nyuma kabisa, karibu na friji, nilikuwa na mashine moja ya zamani na televisheni ndogo ambazo hakuna aliyezitaka. Alasiri moja chumba kitupu, alipekua boksi la sidii nililolinunua kwa jumla, akatoa moja, akaitia.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Picha zilikuwa kama zimechorwa na mtu aliyefungwa kitambaa. Mji umeingiwa na bahari, nyumba zimezama nusu, na ndani yake tarishi mzee na mkoba wake wa barua, anatembea juu ya mbao anapelekea watu. Uso wake macho mawili na mdomo. Basi.

"Hata pua hana!" nilisema. "Anapumua vipi huyu?"

"Kaka, hebu niache."

"Mimi nna jasho kule mbele, wewe huna hata pua!"

Gemu lenyewe lilikuwa maneno matupu, tena ya Kiingereza. Wateja wangu wakikuta maneno hubonyeza tu, bonyeza, bonyeza, mpaka bunduki itokee. Hili halikuwa na bunduki. Lakini alikuwapo mchukuzi mmoja wa bandarini, pandikizi la mtu, aliyekuja kunywa juisi, akasimama nyuma yake.

"Anasema nini huyo mzee?"

Mdogo wangu akamfasiria. Na hakufasiri kama mtu wa mapokezi anayemwelekeza mgeni chooni. Alisimulia. Tarishi akichoka, sauti yake ilichoka. Mjane aliyekuwa kila siku dirishani akingoja barua ya mumewe, alimpa sauti nyembamba ya mtu anayejikaza. Yule mchukuzi akavuta kiti. Kesho yake akaja na wenzake wawili. Kesho kutwa nilihesabu vichwa tisa vimezunguka televisheni ndogo, na jasho langu kule mbele linadondoka peke yake.

Siku ya nne au ya tano, sauti ikatoka juu ya ngazi.

"Mwulize huyo, yule mjane keshapelekewa barua yake?"

Watu wote wakageuka. Alikuwa mama, ameshika ukuta. Kumbe siku zote hizo alikuwa amekaa kwenye ngazi gizani, anasikiliza.

"Shikamoo, bi mkubwa," mchukuzi akasema, akainuka.

"Marahaba. Nimeuliza mjane."

"Bado, bi mkubwa. Maji yamejaa, njia imefungwa."

Alasiri ya pili mama akashuka kabisa, akakaa kwenye kiti changu, kile cha kuzunguka ninachokaa mimi kupokea pesa. Mimi nikasimama. Picha hakuziona, kwake yeye zile zilikuwa rangi tu zinazotembea. Jasho langu asingeliona hata ningelimtilia mkononi. Lakini gemu lile lilikuwa kila baada ya muda linauliza: aende huku au kule, aseme au anyamaze, barua aifungue au asiifungue. Na maamuzi yote akayachukua mama.

"Barua ya mtu haifunguliwi."

"Lakini bi mkubwa," mchukuzi alisema, "huenda ndani mna habari ya kumwokoa mwenyewe."

"Wewe nani kakufundisha kufungua barua za watu?"

"Naam, bi mkubwa. Haifunguliwi."

Na mimi katikati, kazini kwangu. "Mwambie huyo ashike njia ya kushoto." "Mama anasema ushike kushoto." "Mwambie nshashika." Watu wanacheka, na mama hacheki.

Alichagua njia ndefu, mama, kwa sababu njia fupi ilipita juu ya makaburi yaliyozama. Tarishi alipofika kwa mjane, dirisha lilikuwa limefungwa. Amefariki asubuhi ile, barua haikumkuta. Mdogo wangu alisoma hilo polepole. Wachukuzi wale wanaobeba magunia ya mchele kama mito, mmoja wao akaanza kufunga kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba. Kidole cha mdogo wangu kikaenda kwenye kitufe.

"We, usiendelee," mama alisema. "Ngoja kwanza."

Hakusema "mwambie huyo". Alisema "we". Alikuwa anajipangusa kwa ncha ya kanga na uso wake umemwelekea binti yake, na nusura niiachie chupa ya juisi. Tangu siku ile, alasiri baada ya Swala ya Asri mpaka kabla ya Magharibi, walisemezana. Juu bado mimi ni waya. Lakini chini, mbele ya mzee asiye na pua, mama alisema na mwanawe kwa mdomo wake, "Mpeleke kule," "Mrudishe," "Una baridi? Funga feni hiyo." Wiki ya tatu mkoba wa tarishi ulikuwa umebaki na barua moja tu.

Mtu mwenye akili angeona nini kinatengenezwa pale. Mimi niliona viti kumi na mbili vimekaliwa na watu wasiolipa. Na nitasema kweli, maana nimechoka na uongo pia: niliona wivu. Mashine yangu mpya kabisa ilikuwa imewasili wiki hiyo hiyo, picha zake unaona mpaka vinyweleo vya mkono, na hakuna aliyegeuza shingo.

Asubuhi moja akaja mtu wa Matemwe, Mtumbatu, mfanyabiashara mdogomdogo, anatafuta mashine iliyotumika afungue chumba chake. Mdogo wangu kaenda sokoni, mama kalala. Nikamuuzia ile mashine ya nyuma, nikamfungia na padi zake.

"Inafanya kazi vizuri?" aliniuliza.

"Yakhe, hicho ni chuma chakavu. Sisi hapa tumeshatoka huko, tunakwenda mbele. Chukua ujifunzie."

Ile sidii ya tarishi niliibakisha. Mimi si mjinga. Mimi ni mtu wa kanda. Nimekulia kwenye redio kaseti, na kanda ukiitoa kwenye redio hii ukaitia kwenye ile, inaendelea pale pale ilipoachia. Nilijua hadithi iko ndani ya sidii. Mashine ni redio tu.

Alasiri walipokusanyika niliinyanyua sidii juu kama mtu aliyeshinda kombe. "Leo mtamwona tarishi kwenye televisheni kubwa!" Mama akakaa kitini. Mdogo wangu akabonyeza. Tarishi akatokea, mkubwa kama mlango, na bado hana pua. Mkoba wake ulikuwa umejaa. Dirishani alikuwapo mwanamke anangoja.

Mdogo wangu akaiweka padi mapajani.

"Anasema nini?" mama akauliza.

"Limeanza upya, mama. Tulipofika palibaki ndani ya ile mashine. Mjane yu hai."

"Yu hai?"

"Tunaweza kuanza tena, mama. Wiki tatu tu."

Mama aliinuka. "Nshamlilia yule. Siwezi kumzika mara mbili." Akashika ukuta, akapanda ngazi zake moja moja.

Usiku ule hata ile "mwambie huyo" haikusikika. Ingelisikika ningefurahi. Mama hakusema na mdogo wangu kabisa, hata kwa kupitia kwangu, na mimi mwenyewe nilijibiwa kwa kichwa. Asubuhi yake alijifunga kanga iliyoandikwa Nyumba njema si mlango, akakaa dirishani pale ninapopita lazima. Macho haoni, lakini kanga zake anazijua kwa kuzipapasa pindo. Nilijua ile ni yangu mimi na televisheni yangu.

Mdogo wangu aliniambia wakati anaosha bilauri za juisi. "Hoteli wameniita tena Paje. Nnakwenda Jumamosi."

"Ghafla hivi?"

"Waliniita zamani. Nilikuwa nangojea mwisho."

"Mwisho wa gemu?"

Alinitazama kama mtu anavyotazama ukuta uliopakwa rangi vibaya, akaendelea kuosha.

Mashine mpya, nisiikoseshe haki yake, ilileta watu. "Yakhe, tazama vinyweleo!" Siku mbili, tatu. Siku ya nne wanasubiri zamu zao huku wanatazama simu. Wanacheza, wanalipa, wanatoka, na mtu akitoka hakumbuki kuuliza kesho kutakuwa na nini. Nilianza kulisikilizia swali hilo mlangoni na sikulisikia. Yule mchukuzi alikuja mara moja, akasimama nje kizingitini.

"Tarishi vipi?"

"Hayupo."

"Mm," alisema, akaenda zake.

Alhamisi nikapanda pikipiki mpaka Matemwe. Mgongo wangu haupendi tena safari hizo. Nilikikuta chumba chenyewe, matofali bila ya plasta, mwani umeanikwa pembeni, ndani wavuvi waliokuwa wamerudi asubuhi wanacheza mpira kwenye mashine yangu na kupiga kelele. Mwenyewe alinijua kwa mbali.

"Karibu, bwana wa mbele! Umekuja kutazama chakavu chako?"

"Nimekuja kuinunua."

Kelele zikapungua. "Kwani mjini chuma kimepanda bei?"

"Kuna kitu changu nimekisahau ndani."

"Nini? Pesa?"

Nilitafuta neno jingine, nikalikosa. "Barua."

Wavuvi waliangua kicheko mpaka mmoja akajifunga goli. Mwenyewe alipojipangusa macho aliniambia kuwa ni kweli, mna vitu vya wenyewe mle, lakini maandishi yake ya Kizungu, basi wakaogopa kubonyeza wasije wakaharibu. Hapo ndipo nilipopumua. Nikamwomba aniazime kwa siku moja tu.

"Nikuazime? Na hawa Ijumaa wacheze nini, kamba?"

"Basi niuzie. Utanunua nyingine."

Akataja bei yake.

"Mimi nilikupa kwa karibu nusu ya hiyo!"

"Ulikuwa unauza chuma, yakhe. Leo unanunua barua." Kisha akaongeza, maana aliyenyanyaswa hasahau, "Na hawa uliowakatiza mchezo uwape soda. Na uwaambie kwa mdomo wako: hii ni chakavu au si chakavu?"

Nilisimama mbele ya wavuvi tisa, mimi niliyetoka kwenye gunia nikafika Mbweni. "Si chakavu," nilisema. Sauti ilinitoka ndogo. Walipiga makofi.

Ijumaa baada ya Asri nikapanda juu. "Mama, tarishi karudi. Mkoba una barua moja."

Aligeuzia uso dirishani. Lakini nilipofika chini nikasikia miguu yake kwenye ngazi. Kanga ni ile ile. Mchukuzi nilikuwa nimempelekea habari bandarini mwenyewe, akaja na jasho lake la kweli kabisa. Mdogo wangu aliwasha, na mzee alikuwapo pale pale tulipomwacha, juu ya ubao, maji yamemzunguka.

Alitia mkono mkobani.

"Barua ya nani?" mama akauliza.

"Yake mwenyewe, mama. Ina jina lake. Imetoka kwa binti yake."

"Alikuwa nayo siku zote?"

"Siku zote. Ilikuwa chini kabisa."

"Kwa nini hakuifungua?"

"Haikuandikwa. Huenda aliogopa." Kisha akasema, "Anaulizwa afungue au asifungue."

Mchukuzi alikohoa, lakini alishajifunza adabu. Mama alikaa akizungusha pete kidoleni, na mimi nikaogopa kuwa kiti changu kitalia.

"Fungua," alisema. "Ni yake."

Mdogo wangu akabonyeza. Alisoma kwanza kimoyomoyo, halafu kwa sauti, na safari hii hakuigiza sauti ya mtu. "Baba, nitapita siku ya soko. Ikiwa hutaki kuniona, niwekee ufunguo nje, niingie nichukue nguo zangu nitoke." Akaongeza, "Imeandikwa zamani. Siku hiyo imeshapita, mama. Miaka."

Tarishi alibaki amesimama na karatasi, uso macho mawili na mdomo. Sijui kwa nini, lakini sikumbuki kama nilimwona hana pua.

"Ufunguo ulikuwa chini ya mrehani," mama alisema.

Tulidhani anasema habari za gemu.

"Wetu," alisema. "Kila siku nilikuwa nauweka. Miaka yote kumi na moja. Hukukiinua chungu?"

"Sikukiinua, mama."

"Ungelikiinua."

Basi. Hakuna aliyekumbatiana, sisi si watu wa hivyo. Kwenye televisheni yakaanza kupita majina ya waliolitengeneza gemu. Mama alinyoosha mkono hewani na mdogo wangu akaudaka. "Nipandishe juu," alimwambia. "Chai naitia mwenyewe."

Jumamosi alikwenda Paje, kazi ni kazi. Anarudi kila Alhamisi, na hapiti chumbani kwangu. Anafungua mlango mkubwa. Siku nyingine mama humpigia simu mwenyewe, nami sihitajiki, nimestaafu uwaya. Televisheni yangu bado ni kubwa kuliko zote mtaani, na mpira mtu autazame kwenye picha safi, hilo halibadiliki. Ile mashine ya nyuma haiuzwi.

Mtu akiniuliza ilinigharimu nini, sisemi maneno mengi. Mashine laki sita na nusu, petroli elfu kumi na nne, soda tisa za wavuvi elfu saba na mia mbili. Na elfu tatu za kuchonga ufunguo mpya, maana ule wa chini ya chungu ulikuwa umeshaliwa na kutu. Ukitoa laki tatu na nusu alizonipa Mtumbatu mwanzo, ni shilingi laki tatu, elfu ishirini na nne na mia mbili.